Njuga Iko Mguuni Mwangu

Bugarama, Jumapili baada ya ibada

Mdogo wangu mpenzi Limi, sasa mama Luhende,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, marahaba sana. Mwangaluka, mayu. Umeamkaje na uzazi? Mgongo umeacha kukukata? Na maziwa, yanatoka vizuri? Hayo ya maziwa nayauliza mapema kwa sababu ndiyo yaliyonikalisha chini na kalamu, nitayarudia. Sisi huku tunapumua. Shemeji yako Masanja anaingia duarani, shimoni kwenye dhahabu, na kutoka, Mungu anamwona. Mabula amenenepa mashavu, ungemwona usingeamini ni yule uliyemwacha kama kijiti. Na mimi dada yako bado ndiye mama wa mayai ninayejulikana machimbo haya yote. Wageni wakifika wanaulizia kwangu kabla hawajaulizia pa kulala.

Barua hii anakuletea mama wa mpunga, yule anayenunua Kahama na kuuza hapo Maganzo. Sikupiga simu kwa makusudi. Simu ya nyumba hiyo ikiita hudakwa na mama mkwe wetu, huwekwa sauti ya nje, na uani wote husikia mpaka kuku. Barua hawezi kuisoma, na wewe unaweza. Nami mwandiko wangu unaujua, darasa la saba mwalimu alikuwa akiniita mimi tu niandike ubaoni. Basi kaa mahali pazuri, mlaze mtoto, usome.

Ujumbe wa mama mkwe ulinifikia. Alimpigia Masanja akamwambia kwamba njuga ya babu Luhende irudishwe nyumbani, avishwe mtoto wako. Ati ilikosea mguu. Limi, nimetukanwa machimboni na wanaume walevi, nimeitwa kila jina, sijawahi kulala na neno kifuani kama hilo. Ilikosea mguu.

Wewe hukuwepo siku ilipovishwa, ulikuwa bado kwetu kwa mama, hujaolewa na Shija. Watu walikuwa hawajaanza kucheka kwamba dada na mdogo wake wamechukuliwa na kaka na mdogo wake, ng'ombe wamepita njia moja mara mbili. Mabula alipozaliwa, mkunga alipomgeuza miguu, mama mkwe akaona kidole cha pili na cha tatu vimeungana, mguu huu na huu. Alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani ni pacha. Babu Luhende alikuwa na vidole hivyohivyo, na babu Luhende ndiye aliyekuwa akiwashinda watu kwenye ngoma za mavuno, vumbi likitulia wenzake wamekaa chini na yeye bado anacheza. Ikasemwa vidole vya kucheza vimerudi. Mbuzi akachinjwa. Ikatolewa njuga moja ya shaba iliyobaki katika zile za mzee, ikafungwa kwenye kamguu ka mwanangu.

Na mimi nilijidai, kwa nini nisijidai? Nilikuwa namvua Mabula soksi kwa kila anayepita. Mtu akija kuazima chumvi anaondoka ameona vidole.

Yaliyofuata unayajua nusu. Mchezaji wetu hakuweza hata kunyonya. Alikuwa akilegea mikononi kama nguo iliyoloa, anatapika, jua likimgusa kidogo ngozi inakuwa nyekundu. Wenzake walipotembea yeye alikuwa hajakaa. Vigelegele vikaisha. Mama mkwe akaanza kusema damu ya kwetu ni chafu, kwamba mama yetu mzazi alificha kitu wakati wa kuposwa. Masanja akanyamaza. Unawajua hao ndugu wawili, ni wanaume shimoni, mbele ya mama yao ni maji ya kunawa. Ndipo tukahamia huku. Watu walisema tumefuata dhahabu. Mimi nilikuwa nakimbia maneno.

Alipoanza kutembea, huku huku Bugarama, akiwa na umri ambao wenzake wanatumwa dukani, nilifurahi kwa muda mfupi. Nikagundua mchana anatembea, lakini jua likianza kuzama anasimama. Anasimama katikati ya njia kama mtu aliyefika ukingo wa mto. Nikimwita haji. Tulipokuja huko kwenye msiba wa shangazi, wifi yetu alimcheka, ati huyu anaogopa mizimu ya babu yake, na mama mkwe akasema ni ukaidi, achapwe. Alichapwa, Limi. Mtoto ambaye hakuona njia alichapwa kwa sababu hakuipita. Mimi nilikuwa jikoni napika ugali wa msiba. Nilimsikia analia na nikadhani ameanguka.

Niliporudi huku niliifungua ile njuga mguuni mwake nikaifunga mguuni mwangu. Sikumwomba mtu ruhusa. Jioni nikitembea inalia, naye anafuata mlio. Anakuja mpaka anagonga paja langu, halafu anacheka. Wachimbaji walinitania sana, wakaniita mganga, wakaniuliza ngoma ni lini. Nikawajibu ngoma ni kila siku na kiingilio ni kununua mayai.

Sasa sikiliza safari ya hospitali, maana huko nyumbani mmeambiwa nilikwenda kutembea Mwanza.

Daktari wa macho wa kwanza alimmulika Mabula akasema macho ni mazuri. Ni mazuri kweli, kila mtu anasema yamefanana na yangu. Lakini akatupeleka kwa daktari wa watoto, mama mmoja mpole, mwenye mikono ya baridi. Huyo alimvua viatu. Alipoona vidole alivishika kimoja kimoja, na mimi nikaona hapa ndipo pa kusema. Nikamweleza habari za babu Luhende, ngoma za mavuno, vigelegele, mbuzi, vyote. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kumwangalia Mabula kaakaa la mdomo, akampima kichwa, akaniuliza kuhusu kunyonya, kutapika, ngozi na jua. Kila alichouliza jibu lilikuwa ndiyo. Mimi nikiona fahari, najibu haraka haraka kama mtoto anayejua maswali ya mtihani. Nilidhani anashangaa ukoo wetu. Kumbe alikuwa anaukaribia ugonjwa.

Damu ilipelekwa mbali, majibu yakachelewa mpaka nikadhani yamepotea. Hayakupotea. Ugonjwa una jina refu, limeungwa kwa majina ya madaktari watatu wa ng'ambo huko, siwezi kuliandika na sitaki. Daktari alinifafanulia hivi: mwili wa kila mtu hujitengenezea mafuta fulani yanaitwa kolesteroli. Ubongo unayahitaji, ngozi inayahitaji, na jicho nalo. Mwili wa Mabula unashindwa kuyamalizia. Nikamwambia, daktari, lakini hayo ndiyo matajiri wa dhahabu wanaambiwa wayapunguze. Akacheka kidogo, akasema ndiyo hayohayo. Ona mambo. Wao wanakatazwa nyama choma kwa sababu yamewazidi, mwanangu anayatafuta kwa kijiko.

Nikauliza yanapatikana wapi. Akasema kwa watoto waliokwisha kuanza kula, kitu cha karibu ni kiini cha yai.

Limi, nilimwangalia. Nilitaka kucheka na nilitaka kuvunja meza. Nimeuza mayai tangu kabla mimba ya Mabula haijaonekana. Nimechemsha, nimemenya, nimekata katikati, nimetia chumvi na pilipili, nimewalisha wanaume wa mikoa yote. Na mwanangu alikuwa hajawahi kulamba kiini, kwa sababu nyumba yenu hiyo ina mwiko: mtoto asile yai mpaka aseme sawasawa, ati yai halina mdomo, na mtoto atakuwa kama yai. Mabula hakusema. Kwa hiyo hakula. Na kwa kuwa hakula, atasema na nini? Mwiko ule mimi niliushika kuliko binti yeyote aliyeolewa hapo. Hata huku, ambako hakuna wa kuniona, mtoto akinyoosha mkono kwenye sufuria nilikuwa namtoa. Mama mkwe alinisifia kwa hilo. Ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa katika ndoa hii.

Basi sasa anakula, kwa kipimo cha daktari, na dawa nyingine juu yake. Mwanzoni nilikuwa natoa viini nawauzia wachimbaji ule weupe wa yai tu kwa bei ya chini. Mmoja akafungua lake akaniuliza, "Mama Mabula, kuku wako ametaga akiwa na mawazo gani?" Nikawaambia kiini ni cha mtoto, ni dawa. Tangu siku hiyo yuko mzee mmoja mpasua mawe, hana hata meno ya mbele, akinunua yai zima anatoa kiini anakiweka pembeni ya sahani. Anasema, "Hiki cha mwenzetu." Simwambii kwamba vya Mabula nimeshatenga. Huwa nakipokea. Mtu baki, Limi, hana ukoo na sisi, hajui hata Maganzo iko upande gani.

Halafu likaja lile la jicho. Walikuja wataalamu na mashine ya kupima nyuma ya jicho, tukaitwa. Daktari alisema jicho ni kama banda la video. Mlango unaweza kuwa mzima, taa ikawaka, lakini ule ukuta wa nyuma unaopokea picha ukiwa mbovu, watu mle ndani hawaoni kitu. Ukuta huo wanauita retina, na walitaka kujua ukuta wa Mabula unapokeaje.

Waliniambia watoto wengi wa namna yake hawatulii, inabidi walazwe kwa dawa. Nikawaambia wa kwangu atakaa. Wakatazamana. Nikarudia, wa kwangu atakaa. Wakamtia matone ya kupanua mboni, wakazima taa. Lile giza ni lile la duarani tochi ikifa, hujui mkono wako uko wapi. Tukakaa humo muda mrefu ili jicho lizoee. Masanja alisema simu yake inaita, akatoka. Simu haikuwa inaita. Nikabaki mimi na mtoto. Wakamlazia uzi mwembamba kwenye kope ya chini, wakamnatishia vitu usoni, na mwanga ukaanza kupiga, mmoja baada ya mwingine, kama radi isiyo na ngurumo. Akaanza kutetemeka. Nikatikisa mguu kidogo. Njuga ikalia. Akatulia. Mwanga unapiga, mimi natikisa, yeye ametulia, mpaka mwisho. Yule mtaalamu akauliza gizani sauti hiyo ni nini. Nikamwambia, "Ni mama yake."

Taa zilipowashwa alisema hajapata mtoto wa ugonjwa huu aliyekaa hivyo akiwa macho. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, na umsomee Shija, na yeye amsomee mama yake.

Kisha wakanionyesha kwenye kioo cha kompyuta. Jicho zima likipigwa mwanga linajibu, na jibu linachorwa kama mlima. La mtoto mzima ni mlima hasa, unapanda juu na kushuka. La Mabula ni kichuguu. Kifupi, na kinakuja kimechelewa, hasa ule mwanga hafifu, ule wa jioni. Ndiyo maana anasimama njiani, hajaona mizimu yoyote. Nikaomba nikitazame tena kile kichuguu. Kidogo, lakini kipo. Jicho la mwanangu likiitwa linaitika, kwa sauti ya chini tu.

Nikamuuliza daktari, "Yatapona?"

Akasema, "Mama Mabula, sitakudanganya. Mwili wake utanufaika na chakula hiki. Kwa macho, bado hatujui."

Baada ya miezi ya viini tulirudi tukapimwa tena. Usiku anatulia sasa, hapigi kelele, jua halimbabui kama zamani, anapanda mwenyewe kwenye kiti. Mlima haukuongezeka. Walisema labda kidogo sana, nisishangilie. Mimi nilikuwa nimekwenda na doti mpya ya khanga ya kushangilia, nikairudisha kwenye mkoba. Nikauliza je, kama angeanza mapema, akiwa bado mchanga? Daktari akasema mapema siku zote ni bora kuliko kuchelewa, lakini hana ahadi. Limi, mimi ahadi siitaki tena. Ninayoitaka ni hiyo mapema.

Na hapa ndipo nakuja kwako.

Mama wa mpunga alipokuona mwezi uliopita, alirudi akaniambia mtoto wako ana vidole vya babu na nyumba nzima inacheza. Nikafurahi. Halafu akaendelea, bila kujua anasema nini, kwamba mtoto ni mlegevu, akinyonya anachoka, maziwa yanarudi, na kilio chake ni chembamba kama cha paka. Nilikuwa nakinga maji. Ndoo ilijaa ikamwagika mpaka miguuni na mimi nimesimama.

Sikuambii Luhende wako anaumwa. Daktari alinikanya nisiseme hivyo. Vidole peke yake si ugonjwa, huku yuko kijana anavyo hivyohivyo na anabeba viroba viwili mara moja. Babu Luhende mwenyewe akiwa navyo alicheza mpaka uzee. Lakini vidole pamoja na kulegea, kutapika na kutonyonya, hayo ni ya kupimwa damu. Na daktari aliniambia jambo ambalo nataka ulisome mara mbili: ugonjwa huu haushuki kwa mama peke yake. Baba amebeba nusu, mama amebeba nusu, wote wawili wazima wa afya, hawajui. Mtoto akizipata nusu zote mbili ndipo anaumwa. Kila mimba ni karai jipya la mchanga, hujui litatoa nini. Kwa hiyo damu chafu anayoisema mama mkwe, kama iko, nusu yake imetoka kwenye tumbo lake yeye. Nilipomwambia Masanja hivyo alivua kofia, akaivaa tena, akatoka nje.

Sasa nisikilize kama ulivyokuwa ukinisikiliza tulipokuwa tunachunga mbuzi. Najua wamekwisha kukuambia maziwa yako ni mepesi, apewe uji na maji ya mizizi ya kwenye kibuyu. Usikubali. Maziwa yako ndiyo yenye mafuta hayo kwa sasa. Akichoka kunyonya, kamulia kwenye kikombe safi, mpe kwa kijiko taratibu, umwinue kichwa. Na yai usimpe, usije ukanisoma vibaya, kichanga hali yai. Daktari ndiye atakayesema apewe nini na kiasi gani. Mfunike jua.

Alhamisi mimi na Mabula tunakwenda Mwanza kwa tarehe yetu ya kliniki. Jumatano jioni tutashuka hapo Maganzo, tutalala kwa mama wa mpunga, nyuma ya vile vibanda vya wanunuzi wa mawe ya almasi. Nyumbani sitaingia. Alfajiri tutakuwa barabarani tunangoja basi. Uje na mtoto na kadi yake ya kliniki, twende wote apimwe damu. Ukiulizwa, sema unampeleka chanjo. Ukiweza kumwambia Shija ukweli, mwambie. Ukiona atakimbilia kwa mama yake, acha, nitaubeba mimi huo msalaba, mgongo wangu umeshazoea.

Juu ya njuga, Masanja alikwisha kuichukua. Nilikuwa naoga, niliivua nikaiweka juu ya jiwe, nikatoka nikaikosa. Alikuwa ameitia mfukoni ampe kondakta ailete huko. Nikamwambia airudishe. Akasema, "Mama atasema umeiba." Nikamwambia, "Toka nje jua likizama, umwite mwanao bila hiyo. Akija, ipeleke." Hakutoka. Aliiweka mezani. Siku mbili baadaye nikaikuta imefungwa ukanda mpya wa ngozi, ule wa zamani ulikuwa unakatika. Huyo ndiye mume wangu, humpati kwa maneno.

Nisalimie baba mkwe, mwambie mjukuu wake anatembea na anapanda viti. Nisalimie wifi yetu, mwambie mizimu haimtafuti mtoto, yeye ndiye nitakayemtafuta siku moja tuzungumze. Mama yetu mzazi ukipita kwake mwambie damu yake ni safi, imeandikwa na daktari. Shemeji Shija mpe heshima yake. Na mama mkwe mpe shikamoo yangu kamili, sijaipunguza hata kidogo. Mabula naye anawasalimu. Ana neno moja sasa, anasema "nju", ndiyo njuga, na ndilo jina langu. Mtoto wa jirani hapa anaongea kutwa na sijasikia la maana hata moja.

Mwambie mama mkwe njuga aliyoiagiza inarudi Maganzo kweli, Jumatano hii hii, ila iko mguuni mwangu. Na wewe alfajiri hiyo usinitafute kwa macho. Kutakuwa na giza, na Mabula atakuwa haoni kitu. Simama na mwanao, utulie. Mimi nitatembea polepole kando ya barabara ile, kwenda na kurudi, mpaka mnisikie wote watatu, Mabula na ninyi wawili.

Dada yako wa tumbo moja,
Minza, mama Mabula